Mpira wa Paa la Shemeji Gerson

Jumanne saa nne asubuhi, Salvina alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya banda lake pale Pasua, mjini Moshi, akibana mpira wa mlango wa gari aina ya Noah kwa vibanio vya kuanikia nguo. Gari la shemeji yake, Gerson, likaingia likichuruzika maji. Jua lilikuwa kali, na mjini mvua ilikuwa haijaonekana tangu mwezi uliopita. Salvina alitazama vibanio vilivyobaki kwenye kopo, akaona vinatosha.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la milango miwili, lenye paa la turubai la kukunja, na kazi yake ilikuwa kubeba maharusi. Paa likikunjwa, ndani palikuwa pakavu. Likifungwa, mvua ilinyesha juu ya viti. Wiki iliyopita bwana harusi mmoja wa Kwa Sadala alishuka mlangoni mwa kanisa akiwa ameloa chapachapa. Mchungaji alimsubiri akamue koti, kisha ibada ikaendelea kama kawaida.

Mafundi watatu walishajaribu. Mmoja alipaka silikoni, wa pili akabandika mpira mpya ulioagizwa kupitia Himo, wa tatu akashauri gari liuzwe kwa watu wa nchi kame. Ndipo Gerson akamkumbuka Salvina, mke wa marehemu mdogo wake Ndelilio. Kwa mipira ya magari hakuna aliyemfikia, ingawa Gerson alikuwa na miezi saba hajamjulia hali.

Sababu ya ukimya huo ilijulikana hadi Machame. Kihamba cha familia, shamba la urithi la migomba huko Machame, aliachiwa Ndelilio, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na alipofariki alizikwa humo humo kati ya migomba. Msiba ulipokwisha, Gerson aling'oa masale, mimea iliyoonyesha mpaka kati ya shamba lake na kihamba hicho, akayapakia kwenye gari hilo paa likiwa wazi, akatupia na panga juu yake. Aliyapanda upya hatua kumi na mbili ndani ya shamba la mdogo wake, kaburi likabaki upande wa Gerson. Wakati wa kupakua, ncha ya panga ilichana mpira wa paa.

Tangu siku hiyo, mvua ya zile hatua kumi na mbili ilikuwa ikinyesha ndani ya gari. Machame yote ililoa, kipande kile kikabaki kikavu. Masale yaliyohamishwa yalisimama yamenyauka, bila kushika. Salvina alikwenda kushtaki, na mwenyekiti wa kijiji alifika siku ya mvua kubwa. Alisogeza kiti chake pasiponyesha ili karatasi zisilowe, akaandika kwamba mpaka unaonekana vizuri.

Hayo Salvina angeweza kuyameza. Kilichomkosesha usingizi ni mama mkwe wake, Elinipendo, aliyekuwa bado anaishi kihambani. Bibi huyo wa miaka themanini na moja alikuwa akiteka maji mferejini na kubeba ndoo kutwa mara sita, kunywesha migomba iliyozunguka kaburi la mwanawe. Alishaanguka mara mbili. Akiambiwa apumzike, alijibu kwamba Ndelilio tangu utotoni hakupenda jua la utosini.

Gerson alishuka, akakunja suruali, akaitikia shikamoo ya Salvina huku akitazama pembeni. Kisha akatoa jani la isale lililofungwa fundo na kumkabidhi kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, anayeletewa isale hakatai. Hata mwenye damu ya ndugu yake mkononi husikilizwa akija nalo. Salvina alilipokea. Alidhani siku ya kuombwa radhi imefika.

"Isale hili ni la nini, shemeji?" aliuliza.

"La usumbufu," Gerson alisema. "Najua una kazi nyingi. Jumamosi nina harusi."

Salvina alilitundika jani kwenye msumari, karibu na kalenda ya usharika. Kukataa hakukuwezekana tena.

Gerson alipoondoka, Primus, fundi wa breki wa banda la jirani, alikuja kuchungulia. Ndani ya gari kulikuwa kukinyesha manyunyu, na maua ya kahawa yalikuwa yameganda kwenye usukani. Primus alimshauri ajifanye ameshindwa kama wale wengine.

"Mwache aloe," alisema.

"Akiloa yeye, mama anabeba ndoo," Salvina alijibu.

Alifanya kazi vizuri, kwani kulipua kazi hakukujua. Alifuta mpira kwa kitambaa chenye petroli, akapiga msasa kingo za mchano, akaingia ndani ya banda na kutoka na tyubu ya baiskeli ambayo Ndelilio alipelekea maziwa. Ilikuwa laini bado. Alikata kipande cha urefu wa kidole, akakipaka gundi, akakiingiza chini ya mchano, akabana kwa vibanio tisa. Manyunyu yalipungua, yakawa matone, yakakoma. Akafuta viti.

Kesho yake alasiri simu iliita. Alikuwa Elinipendo, na nyuma ya sauti yake kulisikika majani ya migomba yakipigwa.

"Inanyesha huku," alisema. "Inanyesha juu yake kabisa."

Salvina alikaa chini. Mabega yake, ambayo hakujua kwamba alikuwa ameyapandisha miezi saba yote, yalishuka.

"Na ndoo, mama?"

"Nimeifunika. Nimekaa jikoni, naota moto."

Salvina alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. Primus akamletea chai.

Jumamosi gari lilibeba maharusi, paa limefungwa, wakafika wakavu. Gerson alimsifu shemeji yake mbele za watu. Jumapili, baada ya ibada, Salvina alipanda Machame. Mama mkwe alikuwa amelala usingizi wa mchana, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba, na juu ya kaburi migomba ilikuwa imefunua majani mapya.

Salvina alitembea kutoka mpaka wa zamani hadi hatua ya kumi na mbili. Masale ya Gerson nayo yalikuwa yameshika, mabichi, yamenyooka vizuri. Aliyaacha yalivyo, akasikiliza kupitia dirishani pumzi za mama mkwe aliyelala, kisha akaingia jikoni taratibu kupika mtori wa ndizi.