Kaburi Lililofutika Kwenye Kompyuta

Niliingia ofisi ya makaburi nimechemka. Karani alikuwa amenipigia simu: marehemu mke wangu haonekani kwenye orodha, na kaburi lisilo na jina litagawiwa upya mwisho wa mwezi.

"Mtu mmempoteza hata akiwa chini ya ardhi!" nikapiga meza. "Wakubwa wenu kazi yao viyoyozi tu!"

Mkuu wa ofisi akanisukumia fundi wa kompyuta, mwenyewe akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Ndio zao.

Fundi alikuwa binti wa miwani, mpole. "Kosa ni letu, baba. Tulipohamishia majina kwenye orodha mpya, programu yetu, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta ya Java, ilikuwa inafuta jina kule kwanza, halafu inaliandika huku. Mtandao ukakatika katikati. Kule wameshafutwa, huku hawajaandikwa. Watu thelathini na mmoja."

"Na hakuna aliyeona?"

"Programu ilimeza kosa, ikaandika 'Imekamilika'. Niliomba wiki mbili za kuijaribu, nikaambiwa hakuna muda." Akautupia jicho ule mlango.

Nikafurahi, sitasema uongo. Si nilisema mimi!

"Sasa mambo yote mawili, kufuta na kuandika, nimeyafunga kwenye muamala mmoja," akaendelea. "Yanafanyika pamoja, au hifadhidata inarudi ilivyokuwa, kama hatukuigusa. Kibali chake cha mazishi tunacho, ila hakina namba ya kaburi; wewe nitajie tu, nimwandike."

Nikaanza kupapasa mifuko, kama niliyeiandika mahali.

"Basi twende ukanionyeshe. Ni hapo nje tu."

Vibao vya chuma, vyote sawa, namba tupu. Nilitangulia mikono nyuma, kama mwenye kujua. Mstari wa pili, wa tano. Nikasimama penye kimoja, nikanyoosha kidole.

Binti akaangalia simu yake. "Hapa amelala mwanajeshi, baba."

Miaka minne. Tangu tumzike sikuwa nimekanyaga pale. Kila mwaka nilikuwa na wa kumlaumu: hospitali, serikali, barabara mbovu.

"Sijui alipo," nikasema.

Hakucheka. Bora angecheka. "Kuna wa kumuuliza?"

Alikuwepo shemeji, mdogo wa marehemu, niliyemfukuza kwangu wiki ile ile ya msiba tukigombania nguo za dada yake. Nikampigia. Masikio yangu mabovu, ikabidi niweke sauti ya juu, binti anasikia yote.

"Leo ndiyo umekumbuka una mke?" shemeji akasema. "Mstari wa tisa, namba kumi na nne, karibu na bomba. Nimepalilia Jumamosi. Nilidhani na wewe ulishakufa."

"Asante, shemeji."

"Asante peleka kwake." Akakata.

Tukarudi ofisini. Binti akaandika mstari, namba, akaniuliza tarehe ya kufariki. Nikaitaja bila kusita. Skrini ikawa nyekundu.

"Hailingani na kibali cha mazishi," akasema taratibu. "Lakini usijali, imekataa yote. Haijaandika nusu."

"Si tarehe unaiona hapo? Iweke tu."

"Wakubwa wanataka itajwe na ndugu, baba."

Nilitafuta la kuwatukana wakubwa, sikulipata. Nikafikiri, nikahesabu vidole, nikataja nyingine. Nyekundu tena. Binti akaanza kufuta miwani yake, aniondolee macho.

Nikachukua simu, nikampigia shemeji mara ya pili.