Baga ya Mkono Mmoja

Siku ya nne hiyo baba hali mchana. Natoka kazini, ninakoshona magauni ya maharusi, natembea juani na baga mbili mkononi, nafika nyumbani hoi bin taabani, halafu mtu ananiambia ameshiba. Ameshiba nini, hewa?

Tangu kiharusi kiushike mkono wake wa kulia, ndivyo tulivyo. Nilimkatia baga moja vipande vidogo, nikampa uma, nikamfunga taulo shingoni. Akakisukuma kisahani.

"Kula, baba. Daktari amesema ukizidi kukonda watakulaza tena."

"Sitaki."

"Basi kaa na njaa yako. Mimi nimechoka."

Nilisema hivyo, Mungu anisamehe. Mtu aliyesimama kwenye jiko la baga miaka thelathini, nami namlisha makombo, taulo shingoni.

"Hicho chakula cha mtoto," akasema baadaye. "Lete nzima."

Nikaleta yangu.

"Igeuze, juu iwe chini. Mkate wa juu mnene, utabeba sosi. Ule wa chini umeshalowa. Sasa ikandamize kidogo, usiiue. Izungushie karatasi hadi nusu, chini kunja mara mbili. Madereva nilikuwa nawafungia hivyo, mkono mmoja kwenye usukani. Hakuna aliyerudi kulalamikia shati."

Akalivua taulo. Akaishika baga kwa kushoto, kiwiko mezani, akainama juu ya sahani. Akala taratibu, akiishusha karatasi kwa meno, mpaka ikaisha. Halikudondoka hata tone. Nikageukia dirishani, machozi yananilenga.

"Na wewe hujala," akasema.

Akavikusanya vile vipande kwenye karatasi, akakunja kwa mkono uleule mmoja, akikandamiza kwa kiwiko. Ikatoka kitu kimepinda, kinavuja pembe zote. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia.

Nikala njiani nikirudi, sosi ikanimwagikia kifuani. Kazini kwetu doa halina msamaha: shati likichafuka, huligusi gauni jeupe. Bosi alinipokea mlangoni akanitazama kuanzia shingo hadi kiuno.

"Leo tena nini?"

"Baba amekula," nikamjibu.