Suruali Zinamkaa

Mumewe alikuwa bafuni anaoga, na fundi cherehani alikuwa akifanya kazi kwa haraka ya mwizi. Aliipindua suruali ya kazi, akaingiza wembe kwenye mshono wa nyuma ya kiuno, akaufumua, akaachia kitambaa kidogo, akaipitisha kwenye cherehani. Kisha akapiga pasi juu yake ili alama ya mshono wa zamani ilale. Maji yalipoacha kumwagika, suruali ilikuwa imeshatundikwa nyuma ya mlango, imetulia kama haijui lolote.

Mumewe alikuwa mwashi, na kule kwenye majengo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Winchi, kwa sababu enzi zake alipandisha kwa mabega yake vitu ambavyo wenzake walisubiri mashine. Ikaja saratani ya tezi dume. Madaktari wakamwanzishia sindano za kuzima homoni za kiume, maana saratani ile hujilisha kwa homoni hizo, na kwa kweli sindano zilifanya kazi yake. Vipimo vikashuka, daktari akatabasamu. Lakini mwili nao ukaanza mambo yake. Joto lilimpanda ghafla hadi fulana ikalowa. Tumbo likatangulia. Mikono na mapaja yakasinyaa, na kifuani pakavimba kidogo, jambo ambalo ndani ya nyumba ile hakuna aliyelitaja hata kwa ishara.

Asubuhi kifungo kilipokataa kufunga kwa mara ya kwanza, Winchi aliketi ukingoni mwa kitanda, akautazama ukuta. Hakwenda kazini. Hakula. Fundi alimwona mumewe akiisha mbele ya macho yake, akaapa moyoni kwamba kifungo hakitamdhalilisha tena. Mke mwingine angemwambia ukweli. Mwingine angemnunulia suruali kubwa zaidi. Yeye alikuwa na cherehani, akaona dawa iko palepale.

Suruali zote za Winchi alizishona mwenyewe, na kama fundi yeyote anayejua kazi, alikuwa ameacha kitambaa cha akiba nyuma ya kiuno. Basi akawa anaachia kidogo kidogo. Mashati akayafanyia kinyume chake. Mabega akayapunguza, yasije yakamning'inia. Kwenye kioo mtu akabaki yuleyule, na Winchi akarudiwa na maringo yake. Alijipiga kiunoni na kusema, "Unaona, bibie? Chuma hakijapinda!" Fundi akacheka naye. Wapo wanaovikwa kilemba cha ukoka na maadui zao. Huyu alivikwa na mkewe, tena kikapigwa pasi.

Siku ya kliniki walipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mwenye sauti ndogo na macho yasiyopenda porojo. Aliwaamkia wote wawili, kisha akampandisha Winchi kwenye mizani.

"Umeongezeka, baba. Umeongezeka sana."

"Mizani yenu hiyo imezeeka kunishinda mimi," Winchi akasema. "Mimi nina kipimo changu, mwanangu. Suruali hii ni ya kabla sijaugua. Ningekuwa nimenenepa si ingenibana?"

Binti akamgeukia mke. "Ni kweli, mama?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, tena wazi kabisa, na fundi aliuona. Alimwona pia mumewe, kidevu juu, anasubiri atetewe.

"Zinamkaa," akasema.

Binti hakubishana. Akaeleza taratibu kwamba sindano zinainyima saratani chakula, lakini misuli nayo ilikuwa inakula kwenye sufuria hiyohiyo. Misuli inapungua, mafuta yanachukua nafasi yake, mifupa nayo inalegea. Akasema hilo si la kukaa na kulisubiri. Kuna mazoezi ya kujenga nguvu, anaanza na mepesi. Atembee kila siku. Ale mayai, samaki na maharage, apunguze sukari na vya kukaanga. Na kwa sasa asibebe mizigo mizito kazini, asije akajiumiza au akamuumiza mtu. Kisha akaanza kumwonyesha mazoezi, lakini Winchi alikuwa ameshasimama anatafuta kofia yake.

"Mazoezi ni ya watu wa ofisini," akasema akicheka. "Mimi nabeba tofali kutwa."

Uongo mtupu. Tangu sindano zianze alikuwa akishika timazi ya kupimia wima wa kuta na kuwafokea wengine, na wenzake walimheshimu mno kumuuliza kwa nini. Fundi alilijua hilo. Akambebea kofia yake, wakaondoka.

Habari ililetwa na Profesa, mwashi mwenzake, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuishiwa maneno. Siku hiyo alisimama mlangoni pa chumba cha kushonea, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, na maneno yalikuwa yamemwishia.

"Shemeji, yeye mzima," akasema hatimaye. "Nianze na hilo. Mzima."

Fundi akaondoa mguu kwenye cherehani. "Sema."

"Tulikuwa tunapandisha boriti ya zege juu ya dirisha. Akasema atashika upande mzito. Nikamuuliza, kaka, una uhakika? Unajua alichofanya? Akajipiga hapa kiunoni, akaniambia, tazama suruali ileile, mtu yuleyule. Nikaona nitamvunjia heshima nikiuliza tena. Tulipofika nusu, mikono yake ikaachia tu. Hakuteleza, shemeji. Iliachia. Boriti ikanikosa kichwa, ikanipata mkono."

"Umevunjika?"

"Vidole." Profesa akautazama ule mkono wake, wa kulia, wa kushikia mwiko. "Vitaunga, wamesema. Lakini yeye amekaa pale chini hataki kuongea na mtu. Nenda naye taratibu akirudi."

Profesa alipoondoka, fundi hakulia. Alikuwa ameshona uongo kwa ustadi kiasi kwamba mtu mzima ameuvaa akaenda nao juu ya jukwaa la ujenzi, na mtu mwingine ameulipia kwa vidole. Akaingia chumbani, akazitoa suruali zote kabatini, akazipindua, akazitandaza kwenye meza ya kukatia.

Winchi aliingia jua likiwa bado kali, vumbi la saruji kwenye nyusi. Hakusalimu. Alitaka kupitiliza bafuni.

"Njoo utazame," fundi akamwambia.

Alitazama. Kwa nje pasi huficha mengi, lakini ndani kila mshono uliofumuliwa huacha safu ya matundu ya sindano, na safu zilikuwa kadhaa, moja kando ya nyingine. Mwashi anajua kusoma mstari uliofuata mstari. Akapitisha kidole juu yake polepole.

"Nini hii?"

"Kila mstari ni mahali kiuno chako kilipokuwa," fundi akasema. "Nimekuwa nikiachia kitambaa. Mabega ya mashati nimeyapunguza. Mizani ilisema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya."

Winchi akairudia mistari ile mmoja mmoja kwa ukucha, hadi fundi akatamani amtukane.

"Ningemuua," akasema mwishowe. "Ningemuua Profesa."

"Najua."

"Hujui! Hukuwepo alipopiga ukelele." Akaikunja suruali moja, akaitupa ukutani. "Na yule binti, nikamcheka. Wewe umekaa hapo pembeni, unaniacha namcheka!"

"Nilikuona asubuhi ile pale kitandani. Niliogopa aibu itakuua kabla ya ugonjwa."

"Ulinipima na nini? Tepu hujanigusa nayo."

"Kwa macho," fundi akajibu kwa sauti ya chini. "Ukishalala."

Jibu hilo lilimwingia kuliko yote. Akajikalisha juu ya mzigo wa vitambaa. "Kwa hiyo nikilala unanitazama. Nikiwa macho hata kwa mkono hunigusi."

"Si wewe unayegeukia ukutani!"

"Nageuka kwa sababu ya hiki." Akakigusa kifua chake kwa haraka, kama kinachounguza. "Nilidhani unaona kinyaa."

"Kinyaa? Mimi?" Sasa fundi akalia, kwa sauti, bila kujifuta. "Mimi nilidhani umenichoka. Nikasema basi, angalau nguo zako nizishike."

Walikaa hivyo, meza ya kukatia katikati yao. Kisha Winchi akafungua vifungo, akavua shati, akasimama mbele ya mkewe kwenye mwanga wa dirisha, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu sindano ya kwanza.

"Nipime," akasema. "Useme kwa sauti."

Fundi akampima kifua, mkono, kiuno, paja. Kila namba aliitamka kama ilivyo, na kila Winchi alipouliza ya zamani aliitamka pia, maana alizijua kwa moyo. Hakupindisha hata moja. Ngozi ya mumewe ilikuwa ya moto chini ya vidole vyake. Alipomaliza hakuondoa mkono mara moja, na Winchi hakugeuka.

"Yule binti alisema nianze na nini?" akauliza. "Sikuwa namsikiliza."

"Mimi nilimsikiliza. Unakaa kwenye kiti, unakunja mikono kifuani, unainuka bila kujishika popote. Unakaa, unainuka tena."

"Hicho tu? Hata mtoto anaweza."

"Basi inuka."

Akavuta kiti cha cherehani, akakaa, akakunja mikono, akajisukuma. Hakuinuka. Alirudi chini kwa kishindo, na uso wake ukawa ule wa asubuhi ya kifungo. Mikono ya fundi ikamtoka yenyewe kwenda kumshika. Akaikamata njiani, akaibana kwapani. Katika ndoa yao yote hakuwahi kufanya jambo gumu kama kusimama pale bila kumsaidia. Winchi akainama mbele, akauma meno, akatetemeka mwili mzima, akasimama.

"Hesabu," akasema, akihema.

"Moja."

Akakaa. Akajiinua tena hadi nusu, akabaki hapo kidogo, akashindwa, akarudi kitini. Jasho lilimtiririka shingoni. Akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba, kama kuuliza iwapo na hiyo haiwezi kuitwa ya pili.

Fundi akatikisa kichwa. "Bado ni moja, mume wangu."