Picha ya Jokofu Dogo

Karakanani walimwita Profesa kwa sababu ya miwani. Kila alipofungua kijitabu cha maelekezo aliivaa, akakunja uso, akagonga ukurasa kwa kidole mara mbili, kisha akashika bisibisi na kufanya kazi bila kuangalia tena. Miwani yenyewe ilikuwa vioo vitupu, ameinunua kwa mchuuzi barabarani. Macho yake hayakuwa na kasoro yoyote.

Kilichomshinda ni maneno. Herufi alizijua zote, mtu asimsingizie. Ila neno likirefuka, akifika mwisho wake mwanzo umeshamponyoka, na akihama mstari hujikuta amerudi palepale alipotoka. Basi macho yalikimbilia pichani yakatulia humo. Picha ilikuwa na mishale na namba, na haikuwahi kumwita mjinga. Miaka ishirini na miwili alitengeneza majokofu kwa mtindo huo. Kile ambacho picha haikusema, alikisikia kwa jirani yake wa mezani, mzee waliyemwita Redio, maana hakuweza kusoma kitu bila kukitamka kwa sauti. Redio alistaafu mwezi uliopita. Mafundi wengine walishukuru kupata utulivu, na Profesa alishukuru pamoja nao, kwa mdomo tu.

Meza ya Redio alipewa binti wa Profesa, kwa majaribio yaliyokuwa yaishe Ijumaa. Baba mwenyewe ndiye aliyemwombea nafasi. Mikono ya binti ilikuwa mizuri, hilo hata bosi alikiri, lakini wiki ya pili alifunga waya pasipotakiwa, na bosi, mwanamke asiyerudia neno, akamwambia, "Lingine kama hili, unafungasha."

Siku ya Jumatano yaliletwa majokofu manne makubwa ya zahanati, ya kutunzia dawa. Milango yote ilitakiwa kuhamishwa ifungukie upande wa pili. Mafundi wanne, jokofu moja kila mtu, na kijitabu kimoja kimoja. Kwenye ukurasa wa sita palikuwa na picha safi: bawaba ya chini, skrubu tatu, washa moja, yaani kile kibati cha duara chenye tundu katikati, na mshale wa kuonyesha inapokaa. Chini ya picha kulikuwa na mistari minne ya maandishi. Profesa alivaa miwani, akagonga ukurasa mara mbili, akaanza kazi. Kabla ya saa sita alikuwa amemaliza, wa kwanza kama kawaida yake.

Bosi alikuja na ukanda wa karatasi. Kipimo chake kilikuwa hicho siku zote: anaufungia mlangoni, anauvuta. Ukishikwa, mpira wa mlango umebana. Ukitoka kirahisi, na baridi itatoka hivyohivyo. Alianza kwa binti. Karatasi ikatoka bila ubishi, na bosi alipoiachia ikadondoka sakafuni.

"Umeweka washa ngapi?"

"Moja, bosi."

"Imeandikwa hapa," bosi alisema, akasoma kwa sauti iliyofika meza zote. "Picha inaonyesha jokofu dogo. Kwa jokofu kubwa, weka washa mbili. Sasa mlango wako umelegea upande mmoja. Dawa za watu zingeoza humu. Hukusoma?"

Binti alikitazama kijitabu.

"Mara ngapi nimekwambia usome!" Profesa alifoka kutoka mezani kwake, kwa sauti kubwa, ili ijulikane kwamba yeye si baba wa kupendelea. "Kijitabu si cha kujipepea!"

Maneno yalipomtoka ndipo alipogeuka kutazama jokofu lake. Washa moja. Aliichomeka risiti ya zamani mlangoni, akaivuta. Ikamjia mkononi.

Bosi alikuwa amehamia kwa fundi wa pili, amempa mgongo. Kwake karatasi ilishikwa. Kabla ya kufika kwa Profesa alibaki fundi mmoja. Kopo la washa lilikuwa pale mezani. Skrubu tatu, washa moja, dakika mbili. Mikono ya Profesa ingeifanya kazi hiyo gizani. Alikwisha kuishika washa ya pili. Bosi angefika, karatasi ingeshikwa, na Profesa angebaki Profesa. Binti angefungasha, na nyumbani baba angesema alivyosema miaka yote, kwamba mtoto huyu ni mvivu.

Alimtazama binti. Alikuwa ameanza kupanga bisibisi zake kwenye mfuko, ndogo kwanza, kubwa baadaye, bila kumlaumu mtu.

Profesa aliirudisha washa koponi.

"Bosi," alisema. "Njoo na huku."

Bosi alikuja, akaufungia ukanda mwingine, akauvuta. Uliteleza. Akauvuta mara ya pili, kama hauamini.

"Wewe pia? Hukusoma?"

"Nilisoma picha." Profesa alivua miwani. "Maneno hayanikai, bosi. Nikifika mwisho wa mstari, mwanzo sinao tena. Alikuwa ananisomea Redio, na mwenyewe hakujua. Huyu mtoto ni hivyohivyo. Si mvivu. Amerithi kwangu."

"Profesa mzima!" fundi mmoja alicheka. Hakuna aliyemuunga mkono, naye akajifanya anakohoa.

Bosi aliichukua miwani, akachungulia dirisha kupitia vioo vyake, akairudisha mezani.

"Nikimfukuza yeye ni haki nikufukuze na wewe," alisema, "halafu kompresa zangu atatengeneza nani? Barua mbili za onyo. Mtazisoma, mtasaini." Akayasikia maneno yake mwenyewe. "Nitawasomea. Hayo majokofu yawe tayari kabla ya saa nane."

Wenzao walikwenda kula. Baba na binti wakabaki, kila mmoja amechuchumaa mbele ya mlango wake.

"Tangu lini?" binti aliuliza bila kugeuza shingo.

"Tangu darasa la pili."

Binti alifungua skrubu ya kwanza, akaiweka chini. "Mimi darasa la nne nilirudia mara mbili. Kila jioni mezani, kitabu huku, mkanda huku. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naona macho yako. Yakifika katikati ya mstari, yanakimbilia picha."

"Sasa mkanda ulikuwa wa nini?"

Enzi zile Profesa alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa samaki mkunje angali mbichi. Leo methali haikumtoka.

"Nilidhani hutoka kwa mkanda," alisema. "Nilidhani mimi sikupigwa vya kutosha."

Binti alifungua skrubu ya pili, akaiweka kando ya ya kwanza. Halafu aliinuka, akachukua kijitabu, akakifungua ukurasa wa sita na kukilaza sakafuni mbele ya baba yake. Akaweka kiganja juu ya picha, akaifunika yote.

"Soma, Baba."

Ilikuwa sauti ileile aliyoitumia baba mezani nyumbani, jioni zile. Profesa alitazama mlango wa karakana, hakuna aliyekuwa akija. Akainama.

"Pi... cha. Picha ina... inao..." Aliruka, akarudi, akajikuta kwenye mstari wa tatu. Akaanza upya. Binti hakumsaidia na hakumcheka. Baba alipopotea mara ya tatu, binti aliuokota ule ukanda wa bosi uliokuwa umedondoka, akauweka chini ya mstari wa kwanza ili mingine isionekane.

Ilichukua muda ambao Profesa kwa kawaida hufunga mlango mzima. Jasho lilimtoka.

"Washa mbili," alisema hatimaye.

"Haya," binti alisema, akausogeza ukanda chini kidogo. "Mstari wa pili."