Mtu X Katikati ya Mchoro

Mhadhiri alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa hospitali yoyote: akiona watu wanacheka, hanyamazi. Jumamosi asubuhi darasani kwake walikaa pamoja wanafunzi wa mwaka wa tatu na watu wazima wenye vyeo vyao: askari wawili, dada wa benki, na afisa forodha mwenye kitambi cha heshima. Wote walikuja kujifunza jinsi magenge ya magendo yanavyojipanga. Na yeye mambo hayo aliyajua, hakuna ubishi. Alichora ubaoni duara kwa duara, mishale ikikimbizana, mpaka wanafunzi wakambandika jina la Bwana Mishale.

Siku hiyo katikati ya mchoro alimweka Mtu X. Akaeleza jinsi genge lilivyomtisha mtu huyo na kuigeuza meza yake ya kazi kuwa kituo cha ujumbe: mzigo ukifika, kikaratasi kinaachwa kwake ndani ya saa mbovu. Miaka minne ilikwenda hivyo. Kisha akajinasua, akamsimulia mtafiti mmoja kila kitu kwa sharti kwamba hatajulikana. Mtafiti mwenyewe ndiye Bwana Mishale. Mtu X ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, tumbo moja.

Jina hakulitaja, hapo tusimwonee. Lakini darasa lilikuwa limepoa, dada wa benki anapiga miayo, basi akatia chumvi. Akasema Mtu X anavaa saa mbili, moja kila mkono, na zikipishana dakika anaiomba radhi ile iliyochelewa. Wakacheka. Akaigiza anavyochungulia kwa jicho moja, ulimi umetoka pembeni. Wakacheka zaidi. Utamu ukamkolea, akawaonyesha na anavyowafukuza wateja wabishi kwa bisibisi.

Afisa forodha alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Mwalimu," akasema, "si yule fundi saa wa mkabala na mahakama? Mkanda huu wa saa kanibadilishia juzi tu."

Kicheko kikakatika kama umeme. Simu tatu zilikuwa zimeshaupiga ubao picha. Bwana Mishale akasema hapana, huyo ni mwingine kabisa, lakini aliisema haraka mno, na askari mmoja akainamisha macho kwa adabu, kama vile mtu anavyofanya suruali ya mwenzake ikichanika mbele za watu. Akafuta ubao kwa kiganja. Akawaomba wafute picha. Wakafuta, au walisema wamefuta.

Hakungoja chai. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa mjomba, njia nzima akitunga maneno, na kila sentensi ilianza na "bahati mbaya". Alipofika zote zikamtoroka.

"Mpwa wangu msomi," mjomba akamkaribisha, "leo umekuja kunifundisha au kunichunguza?"

Akamweleza. Hakupunguza kitu, hata ule ulimi wa pembeni. Mjomba alisikiliza huku akikaza kifuniko cha saa ya mtu.

"Ulipoigiza," akauliza mwishowe, "walicheka?"

"Walicheka, Mjomba."

"Sana?"

Bwana Mishale akatazama viatu vyake. "Sana."

Mjomba hakutukana, na afadhali angetukana. Alisema tu kwamba wale jamaa wa magendo bado wako mjini, na mmoja wao ana binti anayesoma chuo hicho hicho. Akaanza kukusanya bisibisi zake. Mpwa akamkaribisha akae kwake, akajibiwa asante. Akajitolea kumbebea meza. Akajibiwa asante vile vile. Ikabaki trei ya saa za wateja, kila moja na kikaratasi cha mwenyewe.

"Hizi zirudishe wewe," mjomba akasema. "Kazi hiyo haihitaji mdomo."

Jumatatu nzima Bwana Mishale alikaa pale kwenye kigoda, magoti yanakaribia kidevu, akigawa saa. Kila mteja alimuuliza fundi kahamia wapi. Alijibu hajui, na wengine walimkazia macho kama wanamtazama mwongo. Hakuwa mwongo. Alikuwa amemuuliza mjomba mara mbili bila kupata jibu. Mchana akampigia mama yake kuuliza alikohamia mjomba, na mama alijua.

"Hilo niachie mimi, mwanangu," mama akasema, kwa upole kabisa, akakata simu.