Kitufe Kimeshuka, Kitufe Kimeinuka

Programu ilimkataa mzee Nchagwa tangu siku ya kwanza, na haikumkataa mtu mwingine yeyote. Hilo ndilo lililomkosesha Tabitha raha. Ingewakataa wote angejua pa kuanzia. Programu inayowakataa wote ni mbovu, basi, unakaa unaitengeneza. Lakini hii ilimpokea Joram, mume wake, ikampokea Bi Philomena, mwenyekiti wa ushirika, ikampokea hata kijana Heche, ambaye hukamata kipanya kana kwamba kitamtoroka. Ilipofika zamu ya mzee ikawa kiziwi.

Na huyo mzee Nchagwa, baba mkwe wake Tabitha, ndiye aliyekuwa mtu wa josho la kuogeshea ng'ombe pale kijijini. Josho lile liliwahi kufa, likaota majani, wanakijiji wakalifufua kwa ushirika wao, na katika vipindi vyote hivyo yeye ndiye aliyesimama mdomoni mwake kila Jumatano akiwataja ng'ombe wa watu kwa rangi zao kadiri walivyotumbukia. Aliwajua hata walipotokea upande wa pili wamelowa chapachapa. Ng'ombe mmoja wa jirani alipoibwa, akaonekana Nyambureti huko wilaya ya Serengeti, mzee alipakiwa kwenye pikipiki akaenda kumweleza mnyama yule baka kwa baka, ubavu wa kushoto na wa kulia, kabla hajaonyeshwa. Waliokuwa wamemficha ng'ombe huyo wakafungua zizi.

Baada ya safari ile ushirika uliona mambo haya yasiachwe kichwani mwa mtu mmoja. Tabitha alikuwa anaandika programu za kompyuta mjini Tarime, pale Bomani, kwa ajili ya maduka na maghala, na akaombwa awaandikie ya ng'ombe. Aliiandika kwa moyo wote. Kwenye skrini alichora ng'ombe mweupe, ubavu huu na ubavu ule, akamgawanya vipande vidogo vidogo. Ukichagua rangi, ukabofya kipande, kipande kinajaa. Ukimaliza, ng'ombe amebaki pale na mabaka yake yote na jina la mwenyewe chini yake. Bi Philomena alipoiona alicheka, akasema sasa wezi wataisoma namba. Wala haikujadiliwa nani atakaa kwenye kiti cha mbele ya kompyuta. Nani mwingine aliyajua mabaka?

Mzee akakaa, akabonyeza, na ng'ombe akabaki mweupe.

Kumfundisha kukawa na shida yake. Kwa Wakurya wa umri wa mzee Nchagwa, baba mkwe na mkamwana wana heshima yao: hawashikani mikono, hawakai benchi moja, na mkamwana hasimami nyuma ya mkwewe akimkodolea macho. Siku hizi wapo wanaokula meza moja na hata kutaniana. Mzee hakuwa wa namna hiyo, na Tabitha, pamoja na kompyuta zake zote, hakutaka awe wa namna hiyo. Kwa hiyo somo lilikwenda hivi: mzee ndani ya ofisi ya josho, mbele ya skrini, Tabitha nje, chini ya dirisha, amempa mgongo, anayaelekeza maneno yake kwenye uzio.

Alimwita tata, kama Mkurya yeyote amwitavyo baba. Alimwambia abonyeze kitufe cha kushoto, na sauti ya mzee ikajibu kwa adabu kwamba amebonyeza. Akauliza kama kipande kimejaa, akajibiwa bado. Akamwambia atulie, abonyeze taratibu, asiwe na haraka. Bado. Ilipobidi Tabitha ajionee mwenyewe, mzee alikiweka kipanya mezani, akatoka kwenda kuangalia mawingu; Tabitha akaingia, akabofya, kila kitu kikafanya kazi; akatoka, mzee akarudi, programu ikarudia ukiziwi wake. Waliopita njia waliona kichekesho kikubwa. Hao wawili hawakuona.

Tabitha alikisia mengi. Labda mzee anabonyeza kitufe cha kulia, labda anabonyeza mara mbili mbili. Akamtuma Joram, ambaye kazi yake ni kutoa mizigo ya malori pale mpakani Sirari na huonekana nyumbani mwisho wa juma tu. Joram alisimama karibu na baba yake kwa muda wa kumaliza soda, simu sikioni, akabishana na dereva kwa Kiswahili cha upande wa Kenya, kisha akatoka kusema kwamba baba anabonyeza vizuri tu, kitu chenyewe ndicho kinakataa. Badilisha kipanya, alishauri. Tabitha akabadilisha. Haikusaidia kitu.

Jumatano moja walijaribu njia nyingine, mzee ataje na Heche abonyeze. Wakabishania kijivu, kipi ni kijivu na kipi ni cheusi kilichochoka, mpaka ng'ombe wakaanza kurudi walikotoka na wenye ng'ombe wakaanza kununa.

Ndipo Bi Philomena alipokuja nyumbani, akakaa, akanywa chai, akasema alilokuja kusema. Kamati itakutana Jumamosi pale josho. Kama mzee atakuwa bado hajaelewana na kompyuta, kiti apewe Heche, ambaye macho yake ni mazima, atajifunza mabaka polepole. Mzee naye apumzike.

Alilisema kwa upole na bila nia mbaya, lakini neno lile la kupumzika lilimchoma Tabitha. Tangu mama Joram afariki, Jumatano ndiyo siku pekee ambayo mzee aliamka bila kuitwa, akavaa koti, akatoka nyumbani kama mtu anayengojewa mahali. Siku nyingine zote alikaa tu. Alipoambiwa habari ya kamati alijibu kwamba ni sawa, akaenda kuwaangalia ndama, na jioni hakugusa chakula. Tabitha alijisikia vibaya mno. Kitu alichokiandika ili elimu ya mkwewe isipotee ndicho kilichokuwa kinamtoa joshoni.

Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi, akiwa anaosha vyombo, akili yake ikagonga mahali ambapo ingegonga siku ya kwanza. Kompyuta haimwoni mtu, wala kidole chake haikioni. Inapata habari tu. Habari ya kwanza: kitufe kimeshuka, mahali fulani kwenye skrini. Habari ya pili: kitufe kimeinuka, mahali fulani. Na kama kimeshuka na kuinuka pale pale, inaongezwa habari ya tatu: pamebofywa. Katika programu zake zote Tabitha aliisikiliza hiyo ya tatu peke yake, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa na ndivyo ilivyomtosha. Sasa akajiuliza ni nini kinachotokea kwa mzee kati ya ya kwanza na ya pili.

Kwenda kumtazama asingeweza. Lakini programu ingeweza kutazama kwa niaba yake, na hapo adabu isingevunjika. Akaongeza mistari michache: kitufe kikishuka, weka doa jekundu pale kiliposhuka, kikiinuka, weka doa la bluu pale kilipoinukia. Alhamisi asubuhi alimwomba mzee, kwa kupitia dirishani, akae peke yake ajaribu ng'ombe yeyote anayemtaka, asijali kama hajai rangi. Mzee alisema atajaribu, mkamwana. Alilisema kama mtu anayekubali ili asimwudhi anayemwomba.

Mchana, mzee alipokwenda kunywesha ng'ombe, Tabitha aliingia ofisini akaketi.

Skrini ilijaa madoa. Kila doa jekundu lilikuwa na la bluu jirani yake, na kati ya hayo mawili palikuwa na nafasi, ndogo mahali pengine, kubwa mahali pengine, wakati mwingine kulia, wakati mwingine chini. Hakuna hata jozi moja iliyokaa pamoja. Tena madoa mekundu yalikuwa yamekaa barabara. Begani, ubavuni, kwenye paja, yalifuata mabaka ya dume la jirani yao Werema, ambalo Tabitha mwenyewe alilijua kwa kuwa lilizoea kula mahindi yake. Mzee hakuwa amekosea mahali. Alishusha kidole pale alipopataka, na kabla hajakiinua mkono ulikuwa umeshahama.

Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Tabitha aliyatazama madoa tena. Akakumbuka kikombe cha uji ambacho mzee aliomba kisijazwe, naye akadhani ni kukosa hamu. Akakumbuka ile fimbo iliyokuwa imeshikwa kwa mikono miwili kila mzee alipoongea na watu. Alikuwa amemtengea chakula miaka yote hii akiwa ameinamisha macho kwa heshima, na mkono wenyewe hakuwahi kuuona. Akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huruma, kwa sababu alikuwa amesimama dirishani siku nyingi akimwambia mtu yule atulie.

Jambo moja hakulielewa. Mzee alikuwa amelimaliza dume lote, kisha akarudia ubavu ule ule tena na tena, mpaka madoa yakapandana. Kwa mtu aliyekwisha kukata tamaa, hiyo ilikuwa kazi nyingi. Alidhani ni ukaidi tu.

Kurekebisha hakukuchukua muda, na hilo nalo lilimwudhi. Aliiambia programu iache kungojea habari ya tatu. Kitufe kikishuka, pale kiliposhuka ndipo mtu alipopataka, jaza rangi. Kikiinuka penginepo, usiulize. Halafu akafikiria kidole kinachoweza kugonga mara mbili bila mwenyewe kutaka, akaongeza kwamba mbonyezo wa pili ukija upesi kupita kiasi, uachwe upite. Madoa aliyafuta. Kwa Joram, aliyefika Ijumaa na vumbi lake la Sirari, alisema tu kwamba amepata kosa. Kama mzee aliamua kuuficha mkono wake, si yeye wa kuuanika.

Jumamosi kamati ilijibana ndani ya ofisi. Ng'ombe wa Bi Philomena aliletwa akafungwa pale nje, mwenye mabaka mengi ya kutatanisha, na Tabitha akasimama chini ya dirisha karibu naye, mgongo ukutani. Joram alikuwa ndani, kando ya baba yake.  Kisha mtu akaguna, mwingine akasogeza kiti, na Tabitha akasikia sauti ya Heche ikisema polepole, kwa furaha ya kweli, kwamba kinajaa, angalieni, kinajaa. Ilichukua muda. Hakuna aliyemharakisha mzee. Alipomaliza, Bi Philomena alichungulia dirishani akamtazama ng'ombe wake, akarudisha kichwa akamtazama yule wa kwenye skrini, akasema ni yeye, hata lile baka la chini ya tumbo ambalo mwenyewe alikuwa amelisahau.

Kisha akauliza, kwa sauti ya kufika nje, "Sasa Tabitha, hiki chombo kilikuwa na nini?"

Tabitha alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. "Kosa lilikuwa langu, mama. Nilikiandika kwa kufikiria mikono yangu peke yake."

Bi Philomena akaridhika. Kamati nayo ingeridhika, wangefunga kikao na kwenda kula. Lakini mzee Nchagwa alikohoa, akakiweka kipanya pembeni.

"Si kosa lake," alisema. "Ni mkono huu."

Tabitha aligeuka. Alijua hapaswi, na aligeuka. Kupitia dirishani aliuona mkono wa mkwewe umeinuliwa juu ya meza mbele ya watu wote, vidole vimefunguliwa, unatetemeka kama unavyotaka wenyewe.

"Unatetemeka tangu tulipomzika mama Joram," mzee alisema. "Nimeuficha kwa sababu mtu wa josho asiye na mkono ni wa nini? Alhamisi niliyaona yale madoa, jekundu na bluu. Sijasomea hayo mambo, lakini nilijua mkamwana anaulizia nini. Ningeweza kuzima, nikaondoka." Akauangalia mkono. "Nikaendelea kubonyeza, ili aone. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha."

 Heche alikuwa ameinamisha kichwa. Joram, aliyesimama kando ya baba yake siku ile kwa muda wa soda nzima na wala hakuona, aliitoa simu mkononi akaiweka mezani, akauchukua ule mkono, akaushika kati ya mikono yake miwili. Haukuacha kutetemeka. Mzee hakuutoa.