Hatari Namba Ishirini na Tatu

Kwa miaka thelathini na mmoja mchora ramani aliuchora msitu ulio nyuma ya mtaa wake. Aliupaka rangi ya kijani, akauandikia mwinuko wa kila kilima, wala hakuwahi kukanyaga jani lake hata moja. Ofisini kulikuwa na feni, na vipimo vililetwa na watu wengine waliorudi na matope viatuni. Alipostaafu alihamia kwenye nyumba yake ya vyumba viwili, ya mwisho kabla ya miti kuanza, akawa anautazama msitu dirishani kama jirani ambaye amemfahamu kwa barua tu.

Huenda angeendelea kuutazama hivyo maisha yake yote, kama asingeteleza bafuni. Hakuvunjika, kifundo cha mkono ndicho kilichovimba. Lakini binti yake alikuwa muuguzi, na uvimbe mdogo kwake ulikuwa mwanzo wa habari ndefu.

"Baba, ukianguka tena nakuja kukuchukua. Kwangu ni ghorofa ya sita, lakini lifti ipo."

"Lifti ya nini? Miguu ninayo."

"Haya, nionyeshe kama inafanya kazi."

Lile neno "lifti ipo" lilimkaa kooni. Alijiona ameketishwa kwenye kochi la mwanawe, akiulizwa kila saa kama amekunywa maji. Akakata shauri. Alijiunga na kikundi cha mtaa kilichoundwa ili wakazi wajifunze kutembea msituni kwa usalama, akaomba aongoze matembezi ya kwanza. Binti alikubali jaribio hilo: Jumamosi ya matembezi angesimama langoni mwa msitu, aone baba yake anatokaje.

Kikundi hicho kilikuwa na kila kitu isipokuwa matembezi. Mwenyekiti wake, wakala mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Tahadhari, alikuwa ameuza bima kwa muda mrefu kiasi cha kutoweza kuuona mti bila kuuona umekwisha kumwangukia mtu. Chini yake wanachama walifundishwa ukumbini, juu ya viti vya plastiki, namna ya kuvuka kijito. Kijito kilikuwa kanga mbili zilizotandikwa sakafuni. Mtu mmoja alifeli kwa kukanyaga pindo. Waliosalia walitunukiwa vyeti na filimbi.

Katika kikao cha nne alifika muuza uyoga, mama aliyekuwa akiingia msituni kila asubuhi kwa miaka ishirini na kutoka na kikapu kilichojaa. Alisikiliza nusu saa, kisha akanyoosha mkono.

"Samahani, kwa nini tusiende tu? Si hapo nyuma? Hata mbuzi wangu anakwenda."

"Mbuzi wako ana cheti?" aliuliza Bwana Tahadhari.

"Hana, mheshimiwa. Ila hajapotea bado."

Ukumbi uliangua kicheko, halafu ukapiga kura. Kwa kuwa mama huyu naye hakuwa na cheti, alipokewa kama mwanachama mtazamaji: angetembea mwisho wa mstari, na asingesema neno mpaka mwenyekiti amruhusu. Mchora ramani aliunyoosha mkono wake kuunga mkono, maana azimio lilikuwa limeandikwa vizuri.

Ijumaa, siku moja kabla ya matembezi, yeye na Bwana Tahadhari waliingia msituni kwa mara ya kwanza, kuzitia alama hatari zote. Kanuni ilikuwa wazi: penye hatari pafungwe utepe mwekundu. Walifunga kwenye shimo, kwenye mzizi uliochomoza, kwenye kichaka cha miiba, kwenye kichuguu cha siafu. Walipomaliza kinamasini, orodha ilikuwa na hatari ishirini na tatu. Kurudi hakukuwasumbua, kwani Bwana Tahadhari alikuwa amefunga uzi wa waashi langoni na kuukunjua hatua kwa hatua. Waliufuata, wakaukunja, wakaenda nao nyumbani. Njia yenyewe iliyopita katikati ya msitu, kwa kuwa haikuwa na hatari yoyote, hawakuiwekea alama yoyote.

Jumamosi asubuhi watu kumi na wanne walijipanga langoni. Binti alikuwa amefika mapema, bado amevaa sare ya zamu. Alimfunga baba yake kamba za viatu kwa nguvu, kama anayefunga bandeji.

"Nakungoja hapa hapa."

"Utachoka kungoja," alisema mchora ramani kwa furaha, kisha akaona kwamba neno hilo halikutoka alivyokusudia.

Walianza vizuri. Baada ya hatua mia moja majani yaliifunika njia, na kila aliyeinua macho aliona kitu kimoja tu kilichofanana na kazi ya binadamu: utepe mwekundu, mbele kidogo, upande wa kushoto. Mchora ramani, orodha mkononi, aliuelekea, na mstari wote ukamfuata.

"Hatari namba moja, shimo," alisoma. "Lipo."

"Lipo!" waliitikia wote, wakilizunguka kwa heshima.

Kutoka shimoni waliuona utepe wa mzizi, na mzizini wakauona wa miiba. Fundi cherehani aliacha kipande cha suruali yake penye hatari namba sita. Penye namba kumi na moja siafu walipokea wageni kwa moyo mkunjufu, na kwa dakika kadhaa wanachama wenye vyeti walicheza ngoma isiyokuwamo katika mtaala.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa," sauti ilisikika kutoka nyuma.

"Watazamaji baadaye!"

Hatari namba ishirini na tatu ilikuwa kinamasi, na mchora ramani aligundua kwamba ipo alipokwisha kuzama hadi magotini. Aliinua kichwa kutafuta utepe unaofuata. Haukuwapo. Kulikuwa na miti tu, pande zote, yote ya kijani kile kile alichokipaka kwa miaka thelathini na mmoja.

Wakapiga filimbi. Mlio mmoja ulimaanisha simama, miwili hatari, mitatu msaada. Lakini kumi na watatu walipozipuliza kwa pamoja, msitu haukuelewa lolote.

"Tufanye kikao cha dharura," alihema Bwana Tahadhari, ameukumbatia mti. "Akidi imetimia."

Mchora ramani alijaribu kuung'oa mguu, akapoteza mizani, akaanguka kwa ubavu. Matope yalimpokea kwa ulaini. Alipokuwa amelala pale alimuona akilini binti yake langoni, akaiona na lifti, mlango wazi. Angeweza kungoja kikao. Badala yake aligeuza shingo kuelekea mwisho wa mstari.

"Dada yangu, tutoe hapa."

Muuza uyoga alimtazama Bwana Tahadhari. "Naruhusiwa kusema, au nitazame kwanza?"

"Sema, mama, sema!"

"Mzee wangu, usigombane na tope. Geuka kifudifudi, tandaza mikono, vuta mguu polepole. Ndiyo. Sasa nyamazeni wote. Mnasikia nini?"

Walinyamaza. Mbali, upande wa kulia, mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma.

"Hiyo iko mtaani kwenu. Mnaisikia kila siku mkiwa ndani, mkitoka mnapiga filimbi." Akaanza kutembea. "Weka mguu nilipoutoa wangu. Penye majani yaliyolala, watu wamepita. Penye majani yaliyosimama, jiulize kwa nini."

Mchora ramani alifuata nyayo zile kwa makini kuliko alivyowahi kufuata kipimo chochote. Penye mteremko aliteleza tena, akakaa kitako, akainuka kabla mkono wowote haujamfikia.

Langoni, binti aliwaona wakitoka: waliochanika, waliovimba, na baba yake mbele yao, tope hadi kifuani, nyuma ya mwanamke mwenye kikapu.

"Baba! Umeanguka?"

"Hakuna aliyeanguka," Bwana Tahadhari alidakia. "Tukio halikurekodiwa."

"Nimeanguka," alisema mchora ramani. "Mara mbili."

Muuguzi alimsogelea. Alimshika kifundo cha mkono, akakikunja, akamchuchumalisha chini na kumwamuru asimame. Alisimama.

"Nani alikuinua?"

"Mara ya kwanza, huyu, kwa maneno. Mara ya pili mwenyewe."

Binti akamgeukia muuza uyoga.

"Mama, wewe huingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Sichelewi, na sigongi mlango wa mtu mara mbili."

"Utampitia?"

"Akiwa tayari."

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, mchora ramani alikuwa amesimama kando ya barabara, kikapu kitupu mkononi, akichungulia kila dakika upande atakaotokea muuza uyoga, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeogopa kuachwa.